Binamu Asema Serikali ya Marekani Itanipa Fedha za Kununua Nyumba ya Kwanza: Nimwamini?

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa saba tangu nihamie Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Nina kadi ya kijani. Ninafanya kazi ya uuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwaka jana mapato yangu kabla ya makato yalifika dola 58,000. Sina mume, na hapa sina mtoto wala mtegemezi ninayeishi naye. Nimepanga nyumba ya chumba kimoja kwa dola 1,350 kwa mwezi, na kila mkataba unapokwisha mwenye nyumba huongeza kodi. Mkataba wa sasa unakwisha baada ya miezi mitano, nami nimeazimia kwamba huu uwe wa mwisho.

Nimeona nyumba ndogo za vyumba viwili, nje kidogo ya mji, zinazouzwa kwa takriban dola 200,000. Benki nina dola 8,000. Nina dola nyingine 6,000 nilizopokea kwenye upatu wetu wa wanawake kumi na wawili, ambao kila mmoja hutoa dola 500 kwa mwezi. Zamu yangu ilikuwa ya kumi, kwa hiyo nimebakiza kuchangia mara mbili. Fedha hizo za upatu ziko nyumbani, ndani ya bahasha, kwa sababu niliogopa kuzichanganya na matumizi. Alama zangu za mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima uaminifu wa mtu katika kulipa madeni, ni 690.

Sasa nieleze yanayonisumbua. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii na nikakaa kwake miezi kumi na minne bila kulipa hata senti, ananiambia kwamba serikali humpa dola 8,000 kila anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza, kwani yeye mwenyewe alizipata aliponunua yake mwaka 2009. Mtu mwingine niliyekutana naye kwenye kikundi cha simu anasema siku hizi ni dola 25,000, na kwamba nikimtumia dola 450 za usajili ataniandikisha. Mwenzangu wa kazini naye anasema hakuna cha dola 8,000 wala 25,000, ila kuna cheti kinachopunguza kodi ya mapato kila mwaka. Sijui nimsikilize nani.

Kuna mambo mengine mawili. Mwaka 2021 nilimaliza kumjengea mama nyumba huko Tanga, na kiwanja kimeandikwa jina langu. Je, mimi bado ninahesabiwa kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza? La pili ni zito zaidi. Binamu aliuza nyumba yake miaka miwili iliyopita, na sasa anapanga na mke na watoto wanne. Anataka tununue nyumba kubwa kwa jina langu, ili tutumie haki yangu ya mnunuzi wa mara ya kwanza, kisha aishi humo yeye na familia yake na awe ananipa fedha za marejesho kila mwezi. Anasema yeye alishawahi kumiliki, hivyo hawezi kupata tena nafasi hiyo. Mimi ningeendelea kupanga mpaka nipate uwezo wa kununua yangu. Nikikataa nitaonekana sina shukrani, na nikikubali ninahofia sijui ninaingia wapi. Naomba unishauri.

Muuguzi msaidizi, Columbus


JIBU

Marahaba, dada yangu. Umeandika hesabu zako wazi, nami nitakujibu kwa hesabu, kwa sababu katika jambo hili wengi huumizwa na maneno ya jumla yasiyopimwa kwa kipato chao wenyewe.

Nianze na binamu yako, maana hakukudanganya. Anakumbuka kitu kilichokuwepo na ambacho kimekwisha. Soko la nyumba la Marekani lilipoporomoka, Bunge lilipitisha mwaka 2008 nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, ingawa kwa hakika ule ulikuwa mkopo usio na riba, kwani waliouchukua walitakiwa kuurudisha kwa dola 500 kila mwaka kwa miaka 15. Mwaka 2009 sheria ilibadilishwa: nafuu ikawa asilimia 10 ya bei ya nyumba, isiyozidi dola 8,000, na mnunuzi hakulazimika kuirudisha endapo angeishi katika nyumba hiyo kwa angalau miezi 36. Hiyo ndiyo aliyoipata binamu yako. Muda wake uliongezwa, lakini kwa wanunuzi wa kawaida mikataba ilitakiwa iwe imesainiwa kufikia tarehe 30 Aprili 2010, na baada ya hapo mlango ukafungwa.

Dola 25,000 nazo zina chanzo chake. Mwaka 2021 ilipelekwa bungeni miswada kadhaa, mmoja ukipendekeza nafuu ya kodi ya hadi dola 15,000 na mwingine ukipendekeza ruzuku ya malipo ya awali ya hadi dola 25,000, na kiasi hicho cha 25,000 kilisikika tena katika kampeni za urais za mwaka 2024. Hakuna hata mmoja uliofika kuwa sheria. Kwa hiyo mtu anayekuomba dola 450 akuandikishe anakuuzia kitu ambacho hakipo, na ninakusihi usimtumie fedha, wala namba yako ya hifadhi ya jamii, wala picha ya kadi yako ya kijani. Chukua na kipimo hiki kwa siku zijazo: hata mkopeshaji halali haruhusiwi kisheria kukutoza ada yoyote, isipokuwa gharama ndogo ya kuvuta ripoti yako ya mkopo, kabla hajakukabidhi makadirio ya mkopo kwa maandishi nawe ukamwambia kwamba unataka kuendelea.

Mwenzako wa kazini ndiye aliyekaribia ukweli. Serikali ya Marekani haimkabidhi mnunuzi wa nyumba bahasha ya fedha. Humsaidia kwa kumdhamini mbele ya benki, na humsaidia kwa kumpunguzia kodi anayodaiwa, na njia zote mbili zina faida kwa mtu mwenye mapato kama yako endapo atazielewa kabla ya kusaini.

Nikianza na udhamini, mkopo unaozungumzwa zaidi ni ule wa FHA, idara ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1934. FHA yenyewe haikopeshi. Anayekukopesha ni benki au kampuni ya mikopo, na FHA humwekea bima mkopeshaji huyo ili ukishindwa kulipa asipate hasara, jambo linalomfanya akubali malipo ya awali madogo. Mwenye alama za mkopo 580 au zaidi anaweza kuanza na asilimia 3.5 ya bei. Kwa nyumba ya dola 200,000 hiyo ni dola 7,000, na mkopo wako ungekuwa dola 193,000. Hapo huongezwa bima ya mwanzo ya asilimia 1.75, yaani takriban dola 3,377, ambayo wengi huiingiza ndani ya mkopo, na deni lako likawa karibu dola 196,377. Tuchukulie, kwa mfano tu, riba ya asilimia 6.5 kwa miaka 30. Marejesho ya deni na riba yangekuwa kama dola 1,241 kwa mwezi. Bima ya kila mwaka ya FHA, ambayo kwa mkopo wa aina hii ni asilimia 0.55, ingeongeza kama dola 88. Tuweke dola 250 za kodi ya majengo na dola 100 za bima ya nyumba, ingawa viwango hivi viwili hubadilika sana kutoka mtaa hadi mtaa na ni lazima uviulize kwa nyumba uliyoichagua. Jumla ni karibu dola 1,680 kwa mwezi, ambayo ni asilimia 35 ya mapato yako kabla ya makato. Inabebeka, lakini haina nafasi kubwa.

Jambo moja ambalo wauzaji wa mikopo hulipitia haraka ni kwamba ukianza na malipo ya awali yaliyo chini ya asilimia 10, bima hiyo ya kila mwezi hubaki kwa muda wote wa mkopo, wakati anayeanza na asilimia 10 au zaidi huachana nayo baada ya miaka 11. Mikopo ya kawaida isiyo ya FHA, ambayo baadhi yake huanzia asilimia 3, ina bima ya mkopo inayoweza kuondolewa deni likishashuka hadi asilimia 80 ya thamani ya awali ya nyumba. Kwa alama 690 uko katikati kabisa, mahali ambapo FHA inaweza kuwa nafuu zaidi mwanzoni na ule mwingine ukawa nafuu zaidi baadaye, kwa hiyo omba makadirio ya yote miwili kutoka kwa mkopeshaji huyohuyo, siku ileile. Ipo pia mikopo inayodhaminiwa na Wizara ya Kilimo kwa nyumba zilizo katika maeneo yanayohesabiwa kuwa ya vijijini, ambayo haidai malipo ya awali kabisa. Kwa kuwa unatazama nyumba za nje ya mji, uliza kama eneo hilo limo kwenye ramani yao na kama mapato yako hayavuki kikomo chao.

Sasa nije kwenye cheti ambacho mwenzako alikitaja, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndicho chenye manufaa makubwa kwako na ndicho wanunuzi wengi hukigundua wakiwa wameshachelewa. Kinaitwa kwa kifupi MCC, yaani Mortgage Credit Certificate, cheti cha nafuu ya kodi kwa mwenye mkopo wa nyumba. Kiliwekwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1984, na hutolewa na mashirika ya nyumba ya majimbo au ya serikali za mitaa, kila moja kwa masharti na bajeti yake. Si kila mahali kinapatikana, na hata palipo nacho dirisha hufunguliwa na kufungwa kadiri mgawo unavyokwisha. Mwenye cheti huruhusiwa kuchukua sehemu ya riba aliyolipa katika mwaka, kati ya asilimia 10 na 50 kama ilivyoandikwa kwenye cheti, na kuiondoa moja kwa moja kwenye kodi ya mapato anayodaiwa na serikali ya shirikisho.

Neno "moja kwa moja" ndilo lenye uzito. Makato ya kawaida ya riba hupunguza mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo kwa mtu aliye katika ngazi ya asilimia 12 dola moja ya riba humwokolea senti 12 tu, na hata hizo huzipata endapo ataacha makato ya jumla ambayo kila mlipakodi hupewa. Nafuu ya cheti hupunguza kodi yenyewe, dola kwa dola, na huna haja ya kuacha makato ya jumla ili kuipata. Katika mfano wetu, mwaka wa kwanza ungelipa riba ya takriban dola 12,700. Cheti cha asilimia 20 kingekupa nafuu ya dola 2,540 kwa mwaka huo, sawa na dola 211 kwa mwezi.

Utashangaa nikikuambia kwamba cheti cha asilimia 30 kingekupa kidogo zaidi. Sheria inasema kwamba cheti kinachozidi asilimia 20 hakiwezi kutoa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka, wakati kile cha asilimia 20 au chini yake hakina kikomo hicho. Asilimia 30 ya riba yako ni dola 3,810, lakini ungekatiwa kwenye 2,000 na kinachobaki kingepotea. Basi ukiwekewa mbele vyeti viwili usichague namba kubwa, zidisha kwanza.

Nafuu hii pia haiwezi kuvuka kodi unayodaiwa. Asiyedaiwa kodi ya mapato hatapata kitu mkononi mwaka huo, ingawa kiasi alichokosa kwa sababu ya kodi kuwa ndogo anaweza kukisogeza mbele kwa hadi miaka mitatu. Wewe huna tatizo hilo. Kwa mwaka wa kodi wa 2025, mtu asiye na mwenzi hukatiwa dola 15,750 za jumla, kwa hiyo katika mapato yako zingebaki dola 42,250 za kutozwa, na kodi yake ni takriban dola 4,830. Nafuu ya dola 2,540 ingeingia yote. Wasomaji wenye watoto wanapaswa kumpa mtaalamu wa kodi akokotoe jinsi nafuu ya watoto na nafuu ya cheti zinavyokutana kwenye ritani moja, yaani fomu ya mwaka ya hesabu za kodi, maana hesabu yao ni tofauti na hii.

Cheti lazima kiombwe kabla ya kukamilisha ununuzi, kupitia mkopeshaji anayetambuliwa na shirika linalokitoa. Ukishasaini hati za mwisho na kukabidhiwa funguo bila cheti, huwezi kurudi nyuma kukitafuta, na hili limewaliza watu ninaowafahamu. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kila mkopeshaji, kabla hujauliza riba, liwe kama anashughulikia MCC na kama kwa sasa kinatolewa mahali unaponunua. Kina ada yake, nayo uiulize. Kila mwaka utajaza fomu namba 8396 pamoja na ritani yako. Na huna haja ya kusubiri marejesho ya kodi ya mwaka mzima: unaweza kumpa mwajiri wako fomu mpya ya W-4 ili apunguze kodi anayokukata, na zile dola 211 zikakufikia kidogokidogo katika kila mshahara. Ukija kubadilisha mkopo siku za usoni, cheti hicho hufa pamoja na mkopo wa zamani, isipokuwa uombe kitolewe upya.

Kuna jambo la kurudisha fedha ambalo huwatisha watu. Ukiuza nyumba ndani ya miaka tisa, ukapata faida, na mapato yako yakawa yamevuka kikomo kilichowekwa kwa mwaka huo, serikali inaweza kudai sehemu ya nafuu irudi. Mambo yote matatu ni lazima yakutane, na kinachodaiwa hakiwezi kuzidi nusu ya faida uliyoipata. Kwa anayenunua akiwa na nia ya kukaa, sioni kama ni sababu ya kukikataa cheti. Nimeliandika ili ukilikuta kwenye makaratasi usishtuke.

Misaada ya malipo ya awali, ambayo majimbo na miji mingi huwa nayo, nitaigusa kwa ufupi. Mingi kati yake ni mkopo wa pili unaoandikwa juu ya nyumba, ambao husamehewa ukikaa idadi fulani ya miaka au hudaiwa wote siku utakapouza au kubadilisha mkopo. Baadhi huja pamoja na riba kubwa zaidi kwenye mkopo wa kwanza, na wewe unayo tayari akiba ya malipo ya awali, kwa hiyo linganisha gharama ya miaka yote kabla ya kupokea. Unachokosa zaidi ni fedha za gharama za kukamilisha ununuzi, ambazo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 5 ya bei ya nyumba. Una dola 14,000. Ukitoa 7,000 za malipo ya awali, na 5,000 au 6,000 za kukamilisha, unabaki na akiba isiyotosha hata kutengeneza paa. FHA inamruhusu muuzaji kuchangia gharama za mnunuzi hadi asilimia 6 ya bei. Mwambie wakala wako aliombe hilo tangu kwenye ofa ya kwanza.

Kuhusu fedha za upatu, ninafurahi kukupa habari njema. Fedha taslimu zilizo kwenye bahasha ni tatizo kwa sababu mkopeshaji lazima ajue zilikotoka, na ukiziweka benki wiki moja kabla ya kuomba mkopo atauliza. Lakini mwongozo wa FHA unavitambua vikundi vya kuweka akiba vya watu binafsi, na upatu wetu ni kikundi cha namna hiyo. Mkopeshaji hutakiwa kuthibitisha kwamba kikundi kipo, kimedumu muda gani, na kwamba wewe umepokea fedha hizo. Basi mwombe kijumbe wenu akuandikie barua yenye tarehe mlipoanza, idadi ya wanachama, kiasi cha mchango na siku uliyopokea, akiambatanisha nakala ya daftari. Kama mlikuwa mkitumiana michango kwa simu, rekodi hizo zikusanye pia. Fedha ziweke benki leo, wala usizigawe vipande vidogo ukidhani zitapita bila kuonekana, kwani kufanya hivyo huongeza mashaka. Michango yako miwili iliyobaki, yaani dola 1,000, itaje wazi, maana wenzako bado wanakudai uaminifu uleule waliokuonyesha, na mkopeshaji naye ana haki ya kujua kwamba ni wajibu ulio mbele yako.

Nyumba ya Tanga haikuondolei nafasi kwa kiwango cha sheria ya cheti. Sheria hiyo haiulizi kama umewahi kumiliki nyumba popote duniani. Inauliza kama katika miaka mitatu iliyopita umekuwa mmiliki wa nyumba iliyokuwa makazi yako makuu. Makazi yako makuu miaka yote hiyo yalikuwa Columbus, na ulikuwa mpangaji. Anayeishi Tanga ni mama. FHA, kwa upande wake, haimtaki mtu awe mnunuzi wa mara ya kwanza hata kidogo. Hata hivyo baadhi ya misaada ya mitaa ina tafsiri kali zaidi, kwa hiyo soma masharti ya kila mmoja. Na katika fomu ya kuomba mkopo kuna sehemu ya kuorodhesha mali zote zisizohamishika unazomiliki. Iandike nyumba ya mama humo, pamoja na maelezo kwamba haina deni. Usikubali mtu akuambie kwamba ya Afrika haihesabiki.

Sasa binamu yako. Nimelisoma ombi lake zaidi ya mara moja, na sioni nia mbaya ndani yake. Naona mzazi wa watoto wanne anayetafuta paa. Lakini anachokiomba hakiwezekani bila wewe kusema uongo kwa maandishi. Mkopo wa FHA wa kununua makazi humtaka mkopaji ahamie ndani ya siku 60 baada ya kukamilisha ununuzi na aishi humo kwa angalau mwaka mmoja, na nafuu ya cheti hupatikana tu nyumba inapokuwa makazi makuu ya mwenye cheti. Ungesaini kwamba utaishi mahali ambapo unajua hutaishi. Sheria ya shirikisho inahesabu uongo wa makusudi katika maombi ya mkopo kuwa kosa la jinai, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 30, na ingawa wengi hawafikishwi huko, wewe si raia, na kosa la ulaghai linaweza kuugusa hata ukazi wako. Zaidi ya hayo deni lote lingekuwa lako. Mwezi ambao binamu atakwama, benki itakudai wewe, alama zako ndizo zitakazoanguka, na haki yako ya mnunuzi wa mara ya kwanza itakuwa imeshatumika kwenye nyumba ambayo hukuwahi kulala.

Fadhila ya miezi kumi na minne ni kubwa, nami sikushauri uisahau, ila ilipwe kwa kitu kingine. Tena unacho cha kumpa, kwani yeye amekosea jambo moja la msingi: anadhani aliyewahi kumiliki hawezi tena kuhesabiwa kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Kipimo ni ile miaka mitatu. Kama aliuza miaka miwili iliyopita na hajamiliki makazi mengine tangu hapo, ikitimia miaka mitatu kamili atahesabiwa kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza kwa cheti cha MCC, na huo mkopo wa FHA anaweza kuuomba hata leo kwa jina lake mwenyewe iwapo mapato na alama zake zinaruhusu. Mkeye pia apimwe, kwa sababu huenda yeye hakuwahi kuwa kwenye hati ya ile nyumba. Nenda nyumbani kwake, usimpigie simu, umweleze hili ukiwa na karatasi mkononi, na umwambie kwamba utakaa naye kupanga makaratasi yake kama alivyokaa nawe ulipofika.

Nendeni pamoja, ikiwezekana, kwa mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD. Huduma yao huwa ya bure au ya gharama ndogo, na hawana kamisheni katika nyumba yoyote. Baada ya hapo omba makadirio ya mkopo kutoka kwa wakopeshaji watatu. Kila mmoja anatakiwa kukupa ndani ya siku tatu za kazi tangu apokee maombi yako. Na kwa kuwa miezi mitano inaweza isitoshe kupata nyumba inayokufaa, mwandikie mwenye nyumba wako mapema umwombe aongeze mkataba wa mwezi kwa mwezi pale huu utakapokwisha. Atakutoza kidogo zaidi, lakini hutalazimika kuichukua nyumba ya kwanza utakayoonyeshwa kwa sababu tu tarehe ya kuhama imefika.